Kibaba si Pishi: Kugeuza Kasi ya Laini ya Simu Kuwa Kasi ya Diski



Katika somo hili tutalizungumzia jambo moja tu la hesabu za kompyuta. Jambo lenyewe ni dogo kwa maandishi, ni tofauti ya herufi b ndogo na B kubwa, lakini limewagharimu watu wengi pesa zao, na baya zaidi, limewafanya wengine wamtuhumu mtu wizi ambao hakuufanya. Sisi wenyewe tuliwahi kuingia katika kosa hilo, basi tuanze na kisa chetu.

Katika Ramadhani ya mwaka 2005 tulikuwa tukirekodi darsa za baada ya Alasiri kwa kompyuta moja kuukuu. Ndugu yetu aliyekuwa akiishi Maskati akatuomba tumpelekee kila darsa kwa intaneti siku ile ile. Darsa ilikuwa ya nusu saa, na faili lake la sauti lilikuwa na ukubwa wa megabaiti 7.2. Tukaenda kwenye saiba moja iliyokuwa na kibao mlangoni: intaneti ya kasi, 64K. Tukapiga hesabu pale pale tukiwa tumesimama. Megabaiti 7.2 ni kilobaiti 7,200. Tukigawa kwa 64 tunapata sekunde 112 na nusu. Yaani hata dakika mbili hazifiki! Bei ilikuwa shilingi moja kwa dakika, nasi tulikuwa na shilingi kumi mfukoni, tukajiona matajiri.

Dakika kumi zikapita. Ikapita nusu saa. Baada ya saa nzima ule mstari wa buluu unaoonyesha kazi ilipofika ulikuwa ndio kwanza umefika katikati, na Magharibi ilikuwa karibu. Tukasimamisha, tukaenda kufuturu tukiwa na deni la shilingi hamsini, na mmoja wetu aliondoka akisema kwa sauti kwamba mwenye saiba anazivuta dakika za watu. Maneno hayo yalisikika.

Mwenye saiba hakuwa mwizi. Kibao chake kilisema kweli. Sisi ndio hatukujua kuuliza: K ya nini?

Wanafunzi wetu wa fiqhi wanajua kwamba zakatul-fitri hutolewa pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Mtu akiambiwa pishi akapima kibaba, ametoa robo. Katika kompyuta pia kuna kibaba na pishi, ila huku ni nane badala ya nne. Kibaba chake kinaitwa biti, pishi yake inaitwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Biti ni alama ndogo kuliko zote, ni sifuri au moja, kama taa iliyozimwa au kuwashwa. Baiti ni kifungu cha alama nane, na kifungu kimoja kinatosha kubeba herufi moja kama vile A au M.

Biti huandikwa kwa b ndogo, baiti kwa B kubwa. Kwa hiyo Mb ni megabiti na MB ni megabaiti, na Mbps ni megabiti kwa sekunde. Wanaosoma kwa Kifaransa, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, wamesalimika zaidi na fitina hii, kwani wao baiti huiita okteti na kuiandika kwa herufi o: Mo, Go. Hakuna wa kuichanganya o na b. Sisi tuliofuata Kiingereza tumebaki na herufi moja kwa vitu viwili, tena wachapaji wa matangazo hawajali kubwa wala ndogo.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini basi kuwe na vipimo viwili? Jibu ni kwamba kila kipimo kilitoka kwa watu wake. Watu wa simu walitangulia. Wao wana waya, na wayani alama hupita moja baada ya nyingine kama watu kwenye kijia chembamba, basi wakahesabu kila apitaye. Watu wa kompyuta wana ghala, na ghalani mzigo huwekwa kwa kifungu, hakuna atakayeomba nusu herufi. Neno baiti lenyewe lilibuniwa na Werner Buchholz wa kampuni ya IBM mwaka 1956, na ukubwa wa biti nane ulithibiti zaidi baada ya IBM kutoa mashine zake za System/360 mwaka 1964. Kabla ya hapo zilikuwepo mashine zenye vifungu vya biti sita na hata vinginevyo.

Sasa tuingie katika vipimo vya simu, kwani humo ndimo ilimotoka ile 64.

Sauti ya mtu anayezungumza kwa simu haihitaji kupimwa kwa ukamilifu wote. Mafundi waliona kwamba yatosha kubeba mitetemo isiyozidi 4,000 kwa sekunde, na kanuni ya kupima mtetemo inataka upime angalau mara mbili ya idadi yake. Kwa hiyo sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane. Zidisha: 8,000 mara 8 ni 64,000. Hiyo ndiyo njia moja ya sauti, biti 64,000 kwa sekunde, na huandikwa 64 kbps. Kilo ya watu wa simu ni elfu moja kamili. Lile kibao la saiba lilimaanisha njia moja kama hiyo, iliyotosha watu wawili kuzungumza, wala si zaidi.

Njia zikifungwa pamoja hupatikana laini kubwa. Wamarekani walianza mwaka 1962 na laini waliyoiita T1, yenye njia 24. Ukizidisha 24 kwa 64,000 utapata 1,536,000. Lakini vitabu vinasema T1 ni 1,544,000! Hizo 8,000 zilizozidi ni biti moja ya alama inayowekwa mwanzo wa kila msafara, na misafara ni 8,000 kwa sekunde, ili upande wa pili ujue msafara mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi. Ulaya wakafanya yao, wakafunga njia 32 na kuiita E1: 32 mara 64,000 ni 2,048,000. Hiyo ndiyo iliyokuja kwetu Afrika Mashariki, na ndiyo watu walikuwa wakiiita "laini ya mega mbili". Katika njia hizo 32, moja ni ya alama za msafara na nyingine hutumika kwa habari za upigaji simu, zikabaki 30 za mazungumzo.

Kuna kitendawili kidogo hapa kwa wapendao mambo ya ndani. Wamarekani katika laini zao walikuwa wakiichukua biti ya nane ya njia kwa ajili ya alama za simu, hivyo mwenye kupitisha habari za kompyuta akabakiwa na saba za kuaminika. Saba mara 8,000 ni 56,000. Namba hii ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye modemu za 56K ambazo wazazi wengi wanazikumbuka kwa mlio wake. Tena hiyo 56 ilikuwa ya kupokea tu; kupeleka hakukupita 33.6 katika modemu za V.90 za mwaka 1998.

Basi E1 ni kasi gani kwa kipimo cha diski? Gawa kwa nane: 2,048,000 kwa 8 ni baiti 256,000 kwa sekunde. Robo ya megabaiti na chembe! Laini iliyobeba mazungumzo ya watu thelathini kwa mpigo, ambayo taasisi nzima ziliikodi kwa pesa nyingi, haifikishi hata megabaiti moja kwa sekunde.

Ilinganishwe na msomaji wa CD. Kisomeo cha CD cha kwanza kabisa, kile cha kasi ya 1x, kilisoma vipande 75 kwa sekunde, na kila kipande cha data kina baiti 2,048. Zidisha upate 153,600. Ukizidisha tena kwa nane ili uifikie lugha ya simu, ni biti 1,228,800 kwa sekunde. Kwa hiyo E1 ilikuwa mara moja na theluthi mbili tu ya kisomeo cha polepole kuliko vyote. Ama kile cha 52x tulichokuwa nacho katika kompyuta za madrasa, kikiwa katika kasi yake ya juu, ni biti milioni 63.9 kwa sekunde, nazo zingehitaji E1 zaidi ya 31 ili kupita bila kungoja.

CD ya sauti hesabu yake ni nyingine. Humo sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, tena kwa masikio mawili: 44,100 mara 16 mara 2 ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Iwekeni namba hii akilini, tutairudia.

Baada ya hapo, tanabahini na mtego wa pili, nao ni maana ya kilo na mega. Tumesema kilo ya watu wa simu ni 1,000. Watu wa kumbukumbu za kompyuta, kwa kuwa mashine yao huhesabu kwa mbili mbili, waliizoea 1,024, ambayo ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake mara kumi. Mega yao ikawa 1,048,576. Watengenezaji wa diski ngumu wao wakabaki na milioni kamili. Ndipo mtu hununua diski iliyoandikwa GB 80, akaifungua nyumbani katika Windows akaona 74.5, akarudi dukani na hasira. Baiti zote bilioni 80 zimo. Aliyeandika kwenye boksi amegawa kwa elfu, na kompyuta imegawa kwa 1,024 mara tatu. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la IEC lilitoa majina mapya, kibi, mebi na gibi, yaandikwe KiB, MiB na GiB kwa kipimo cha 1,024, ili kilo na mega zibaki za elfu. Mafundi wengine wameyapokea, lakini madukani bado ni nadra kuyasikia.

Kilichokuwa kikituchekesha darasani ni flopi. Iliandikwa MB 1.44, na baiti zake ni 1,474,560. Gawa kwa milioni, hupati 1.44. Gawa kwa 1,048,576, pia hupati. Ili uipate ni lazima ugawe kwa 1,000 kisha kwa 1,024! Waliokiandika kile kibandiko walichukua mguu wa huku na mkono wa kule.

Njia tunayowafundisha wanafunzi wetu ni hii: usigeuze kipimo kimoja kwenda kingine moja kwa moja kichwani. Kishushe kila kitu mpaka chini, kwenye biti kamili na sekunde kamili, kwa namba zilizoandikwa zote na sifuri zake. Hapo biti itagawanywa kwa biti na kosa halitapata pa kujificha. Tuifanyie kazi CD iliyojaa, ya megabaiti 700, ipite kwenye E1. CD huhesabiwa kwa mega ya 1,048,576, basi 700 mara hiyo ni baiti 734,003,200. Mara nane ni biti 5,872,025,600. Gawa kwa 2,048,000, unapata sekunde 2,867, yaani dakika 47 na sekunde 47. Aliyedhani "mega mbili" ni megabaiti mbili angesema 700 kwa 2 ni sekunde 350, asubiri dakika sita. Tena hata hizo dakika 47 si za kweli, maana njia moja kati ya 32 ni ya alama za msafara na haibebi mzigo wako. Zikibaki 31, laini ni 1,984,000, na kazi huchukua dakika 49 na sekunde 20.

Hilo la mwisho ndilo tunaloliita uzito wa gunia. Ukipima mchele na gunia lake usilie kwamba mchele umepungua. Modemu za kale za biti 2,400 zilitanguliza biti moja mbele ya kila herufi na kuweka nyingine nyuma, hivyo herufi moja ilikula biti kumi, na kwa sekunde zikapita herufi 240, si 300. Waya za SATA zinazounganisha diski ngumu ndani ya kompyuta zilifanya mfano wa hayo: toleo la kwanza lilikuwa la gigabiti 1.5, lakini kila baiti ilisafiri kwa biti kumi, ndiyo maana kasi yake huandikwa megabaiti 150 na si 187.5. Mtandao wa waya wa megabiti 100 ungetoa megabaiti 12.5 kwa mgawanyo wa nane, ila kila kifurushi kina anwani yake na vifungo vyake, na ukifika megabaiti 11.8 umefika juu kabisa. Nayo barua-pepe huligeuza faili lililoambatishwa kuwa herufi za kawaida, kila baiti tatu zikawa nne. Megabaiti 7.2 zetu zingekuwa 9.6 kabla hata hazijatoka mlangoni.

Turudi basi kwenye saiba. Baiti 7,200,000 ni biti 57,600,000. Gawa kwa 64,000: sekunde 900, dakika kumi na tano. Hivyo ndivyo ingekuwa lau tungekuwa peke yetu. Lakini mle ndani kulikuwa na kompyuta nane, zote zimejaa watu, na laini ni ile ile moja. Kila mmoja alipata kama biti 8,000, na 57,600,000 kwa 8,000 ni sekunde 7,200, saa mbili kamili. Ndiyo maana baada ya saa moja mstari ulikuwa katikati. Hesabu ilikuwa wazi kama nini, nasi tulimsema mtu vibaya katika mwezi mtukufu. Baada ya Idi tulikwenda watatu kumtaka radhi. Alicheka, akasema sisi hatukuwa wa kwanza, na shilingi hamsini zile akazipokea.

Mtasema hayo ya 64K yamepita, na kweli yamepita. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziliwashwa katika pwani yetu, na kabla yake habari nyingi za kwenda ng'ambo zilikuwa zikipandishwa kwa satelaiti kwa gharama kubwa. Lakini mtego umebaki vile vile, umebadilisha nguo tu. Bando la simu huuzwa kwa GB, yaani kwa baiti, kwa kuwa ni kiasi cha mzigo. Kasi hutangazwa kwa Mbps, yaani kwa biti, kwa kuwa ni mambo ya njia. Mzazi ananunua GB 1, kasi ni Mbps 10, anadhani ana kitu cha siku nzima. Baiti bilioni moja ni biti bilioni nane; gawa kwa milioni kumi, ni sekunde 800. Faili likishushwa kwa kasi hiyo bila kupumzika, bando limekwisha kwa dakika 13 na sekunde 20. Kampuni ikihesabu GB kwa 1,024 itakuwa dakika 14 na kidogo. Hapo ndipo kijana wa nyumbani huulizwa alikuwa akifanya nini na simu, na huenda jibu lake lilikuwa la kweli. Kabla hamjagombana, chukueni kalamu.

Tumalize kwa hesabu za wanafunzi wa darasa la juu, nazo zimetoka katika kisa kile kile. Darsa za mwezi mzima zilikuwa 30, kila moja megabaiti 7.2, jumla megabaiti 216, sawa na biti 1,728,000,000. Kwa fungu letu la biti 8,000 pale saiba zingechukua sekunde 216,000, ambazo ni saa 60, kwa shilingi 3,600. Badala yake tulimpa msafiri aliyekuwa akienda Maskati. Kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwa ndugu yetu alitumia siku mbili, yaani sekunde 172,800. Mafaili yote 30 yaliingia katika CD moja na nafasi ikabaki. Gawa 1,728,000,000 kwa 172,800: mfuko wa msafiri ulikuwa laini ya biti 10,000 kwa sekunde, ulioishinda kompyuta ya saiba kwa saa kumi na mbili.

Lakini mama yake ndugu yetu alikuwa na redio ya CD ya kawaida isiyosoma mafaili, kwa hiyo tulimpelekea pia darsa zile zile katika CD za sauti, darsa mbili kwa kila moja, CD kumi na tano. Saa 15 za sauti ni sekunde 54,000. Zidisha kwa ile 1,411,200 tuliyosema muiweke akilini, mpate biti 76,204,800,000, kisha gawa kwa sekunde zile zile 172,800. Jibu ni 441,000. Maneno ya sheikh hayakuongezeka hata moja, msafiri ni yule yule na safari ni ile ile, na mfuko umekuwa laini ya 441 kbps, karibu mara saba ya kibao cha mlangoni.